Saratani Inaporudi kwa Mama: Mzigo wa Raundi ya Pili Mbulu na Hanang

Mama anapogundulika na saratani ya titi kwa mara ya kwanza, familia ya Mbulu au Hanang hujua pa kuanzia. Ng'ombe wawili watatu hupelekwa mnadani, mtoto aliyeko Arusha au Dar es Salaam hutuma fedha kwa simu, wanajumuiya kanisani huchanga, na majirani hupeana zamu za kumpalilia shamba. Mama hufanyiwa upasuaji, humaliza dripu zake, hurudi nyumbani, na sadaka ya shukrani hutolewa. Miaka mitatu, mitano au kumi baadaye ugonjwa unarudi. Safari hii zizini wamebaki ndama, waliochanga wamechoka kuchanga, watoto wana ada za watoto wao, na mama mwenyewe anasita kusema kwamba mgongo unamuuma. Anakumbuka mara ya kwanza iligharimu nini.

Katika suala zima la kumuuguza mzazi mwenye saratani, hapo ndipo penye ugumu wa kweli, na hapo ndipo pasipozungumzwa. Familia nyingi humaliza nguvu, fedha na maneno yao katika raundi ya kwanza, kisha huingia ya pili mikono mitupu. Raundi ya pili ndiyo ndefu zaidi, ndiyo yenye maamuzi mazito zaidi, na ndiyo inayoishia mabegani mwa mtu mmoja. Inahitaji kupangwa mapema, na maandalizi yake yanatakiwa kuanza siku ile ile mama anaporuhusiwa kutoka hospitali mara ya kwanza.

Kwa nini inarudi

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika na saratani ya titi, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Tanzania saratani hii ni ya pili kwa wanawake, ikitanguliwa na ile ya mlango wa kizazi; makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka idadi ya wagonjwa wapya nchini karibu na 4,000 kwa mwaka. Tathmini ya huduma za saratani ya titi nchini, iliyotolewa mwaka 2017, ilionyesha kuwa takriban asilimia 80 ya wanawake hugundulika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne.

Takwimu hiyo ya mwisho inaeleza mengi. Kadiri uvimbe unavyochelewa kugunduliwa, ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba chembe chache zimekwisha kutoka kwenye titi na kwenda kukaa kwingine, kimya, kwa miaka. Dawa huua nyingi, lakini zinazobaki huweza kuanza kukua tena. Saratani zinazolishwa na homoni zina tabia ya kurudi hata baada ya miaka 15 au 20. Zile zisizo na vipokezi (alama za kwenye chembe zinazoelekeza dawa ipi itafaa) vya homoni wala vya HER2, zikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Kwa hiyo mama ambaye ugonjwa umemrudia hakukosea mahali. Hakulaaniwa, hakula kitu kibaya, wala imani yake haikupungua. Familia inapaswa kulisema hili kwa sauti, mbele yake, kwa sababu wagonjwa wengi huamini kinyume chake bila kumwambia mtu.

Kurudi kwenyewe kuko kwa namna mbili. Ugonjwa unaweza kuibuka pale pale: kwenye kovu, ngozi ya kifua au kwapani. Hapo bado kuna nafasi ya kuutibu kwa nia ya kuumaliza. Unaweza pia kuibukia mbali: kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Hapo lengo la tiba hubadilika na kuwa kuupunguza kasi, kuzuia madhara na kumpa mama muda ulio na nafuu. Wako wanaoishi miaka kadhaa katika hali hiyo, hasa wale ambao saratani yao inakubali vidonge vya homoni. Swali la kwanza la familia kwa daktari linapaswa kuwa hilo: umerudi pale pale, au umekwenda mbali? Jibu lake ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata, pamoja na kama ng'ombe waliobaki wauzwe leo au la.

Dalili zinazofichwa na maisha ya kawaida

Katika vilima vya Mbulu na tambarare za Basotu, maumivu ya mgongo hayamshtui mtu. Mwanamke amelima, amebeba kuni na maji maisha yake yote. Kikohozi kisichoisha hupelekwa kwenye kipimo cha kifua kikuu, na ni sawa kupima, kwa kuwa ugonjwa huo upo. Lakini mama aliyewahi kutibiwa saratani ya titi, hata kama ni miaka minane iliyopita, hana maumivu ya mgongo ya kawaida mpaka yachunguzwe. Vivyo hivyo kikohozi, upungufu wa pumzi, macho kuwa ya njano, tumbo kujaa, kichwa kinachouma kila asubuhi au degedege lililoanza ukubwani.

Mhudumu wa zahanati hawezi kuijua historia hiyo akiwa hajaambiwa. Kila mara mama anapoonwa, anayemsindikiza aseme kabla ya yote: huyu alitibiwa saratani ya titi mwaka fulani, hospitali fulani. Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa miezi ya vidonge vya maumivu. Na iko dalili moja isiyosubiri kesho: mwenye maumivu ya mgongo akianza kulegea miguu, kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo, uti wa mgongo unabanwa, na anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mguu uliopooza kwa siku kadhaa huwa vigumu kurudi.

Karatasi nazo ni sehemu ya tiba. Majibu ya kipimo cha nyama, aina ya vipokezi, dawa alizopewa na idadi ya dripu ndivyo vitakavyomwongoza daktari mpya. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha na nyumba nyingi zikaenda na kila kilichokuwamo. Eneo lililopitia hayo halihitaji kuelezwa kwamba bahasha iliyoko chini ya godoro si ghala salama. Karatasi zote zipigwe picha, na picha ziwe kwenye simu za watoto wasiopungua wawili wanaoishi sehemu tofauti. Tena, ugonjwa unaporudi, iulizwe kama kipimo cha nyama kinaweza kurudiwa, maana vipokezi huweza kubadilika na dawa inayofaa ikabadilika navyo.

Umbali na bei yake

Wilaya hizi mbili hazikosi hospitali. Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, imekuwa kimbilio la watu wa Mbulu, Hanang, Iramba na hata bonde la Eyasi kwa vizazi. Iko Dareda upande wa Babati, iko hospitali ya Mbulu Mjini, iko ya wilaya Katesh. Upasuaji na uchunguzi wa awali unaweza kufanyika karibu. Lakini tiba kamili ya saratani inaanzia mbali: KCMC Moshi, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2016, Bugando Mwanza, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1996 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini pa kupata mionzi kabla Bugando haijaanza.

Kutoka Katesh hadi Moshi, kwa kupitia Babati na Arusha, ni zaidi ya kilomita 300. Ocean Road ni zaidi ya 700. Lami ya Babati hadi Singida imerahisisha mambo kwa wanaokaa kandokando yake, lakini mama wa Yaeda, au wa vijiji vya ndani ya Basotu, ana kipande chake cha njia ya vumbi kabla ya kuiona lami, na wakati wa masika kipande hicho ndicho kinachoamua kama ataifikia kliniki yake. Mtu mwenye mifupa iliyoshambuliwa hapandi pikipiki kama mtu mwingine. Kila shimo barabarani ni maumivu, na linaweza kuwa mfupa uliovunjika.

Kwa sababu hiyo, kabla ya safari familia iulize mambo mawili. La kwanza: kipimo gani au dawa gani inaweza kutolewa karibu na nyumbani? Vidonge vya homoni kama tamoksifeni humezwa nyumbani kila siku. Mama anayemeza hivyo hahitaji kusafiri kila mwezi kama hospitali ya karibu inaweza kumfuatilia na dawa inapatikana. La pili: kama ni mionzi kwa ajili ya maumivu ya mfupa, je, dozi moja inatosha? Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa maumivu ya mfupa usio na tatizo jingine, dozi moja kubwa hutuliza kama zinavyotuliza dozi kumi ndogo, ingawa baadhi ya wagonjwa huhitaji kurudia baadaye. Kwa anayeishi Kariakoo, tofauti hiyo ni safari chache za daladala. Kwa anayetoka Haydom, ni wiki mbili za kulala ugenini.

Fedha za safari ndefu

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa umekuwa ukichangiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na umekuwa msaada wa kweli kwa kliniki, maabara na kulazwa, lakini umekuwa ukiishia ngazi ya hospitali ya mkoa. Saratani imo katika orodha ya magonjwa yanayostahili msamaha wa gharama kwenye hospitali za umma. Msamaha huo hauji wenyewe: lazima kumwona afisa ustawi wa jamii, na ni vyema kwenda na barua ya serikali ya kijiji tangu nyumbani. Dawa ikikosekana stoo, msamaha haununui dawa. Tena hakuna msamaha wa nauli, chakula wala malazi, na hivyo vitatu ndivyo vinavyokausha zizi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Thamani yake kwa mama wa Hanang itapimwa kwa jambo moja, yaani kama itamfuata mpaka Moshi na Mwanza.

Wakati huo huo, familia inaweza kubadili namna inavyotumia kilichopo. Harambee kubwa ya siku moja inafaa kwa upasuaji. Kwa ugonjwa uliorudi inafaa zaidi michango midogo isiyokatika: kila mtoto na kiwango chake cha mwezi, hata shilingi 10,000, kikiwekwa kwa mtu mmoja anayeandika mapato na matumizi na kuyasoma mbele ya wote. Mauzo yafuate msimu. Anayeuza vitunguu swaumu au ngano wakati bei imeanguka kwa sababu kliniki ni wiki ijayo hupoteza mara mbili. Na wanyama wasiuzwe wote. Ng'ombe wa maziwa ni lishe ya mgonjwa na ni nauli ya mwaka kesho.

Hapa panahitaji ukweli mwingine. Katika kaya nyingi za Wairaqw na Wadatoga, neno la mwisho juu ya ng'ombe ni la mwanaume, hata kama maziwa na malezi ya ndama ni kazi ya mwanamke. Mama aliyelisha zizi miaka 40 anajikuta akingoja ruhusa ili zizi limlishe yeye. Wazee wa ukoo wakilitamka hili mapema, kwamba wanyama kadhaa ni wa matibabu ya mama na hawaguswi kwa mahari wala kwa deni, wamefanya kazi kubwa kuliko harambee.

Mtoto anapokuwa mkalimani

Mbulu na Hanang ni sehemu adimu Afrika: Kiiraqw, Kidatoga, Kihadza na Kinyiramba, lugha za asili nne zisizo na udugu, zinasikika ndani ya mwendo wa siku moja. Wazee wengi, hasa kina mama wa Kidatoga na Kihadza, hawazungumzi Kiswahili kwa wepesi. Wakifika Moshi au Mwanza, daktari husema na mtoto, na mtoto ndiye anayesema na mama.

Mtoto huyo hubeba kazi ambayo hakufundishwa. Daktari anasema, "Ugonjwa umefika kwenye ini," naye anamgeukia mama na kusema, "Amesema kuna uvimbe kidogo, utapewa dawa." Amefanya hivyo kwa upendo. Matokeo yake mama anaendelea na dripu zinazomchosha huku akiamini anapona, anaahirisha kugawa shamba, haiti ndugu aliyegombana naye, na siku hali inapobadilika hajui nini kimetokea. Ugonjwa ni wake na mwili ni wake. Habari zake pia ni zake.

Heshima haimlazimishi mtu kumwaga kila kitu kwa pumzi moja. Iko njia ya kuuliza: "Mama, daktari ametueleza hali yako. Unapenda nikueleze yote, au nikueleze kidogo kidogo? Au unapenda baba na kaka wajue kwanza?" Akichagua kutojua, amechagua mwenyewe. Akichagua kujua, asidanganywe. Na inapowezekana, mkalimani awe mtu mwingine: muuguzi anayetoka kwao, mwinjilisti, katekista, jirani, ili mtoto apate nafasi ya kuwa mtoto mbele ya habari ile.

Dawa, maombi na ahadi za haraka

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanda kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Waliambiwa kinatibu magonjwa sugu, saratani ikiwamo. Wapo walioacha dawa za hospitali, na wapo waliofia kwenye foleni. Msafara ule umekwisha, lakini kiu iliyowapeleka watu kule bado ipo, na humrudia mgonjwa kwa nguvu zaidi saratani inaporudi, kwa kuwa hapo hospitali nayo inaonekana imeshindwa.

Kumkemea mama anayetaka maombi au mitishamba ni kumfundisha kuficha. Kinachofaa ni mpaka ulio wazi: maombi yaendelee na mganga asikilizwe kwa adabu, lakini vidonge visikatwe, na kila anachokunywa daktari aelezwe, kwa kuwa ini lililoshambuliwa halina nafasi ya kupokea kila kitu. Wachungaji, mapadri na wazee wa mila wana uzito hapa kuliko daktari yeyote. Neno lao moja, kwamba Mungu hakatazi dawa, hubadilisha maamuzi ya nyumba nzima.

Maumivu yanatibika

Jambo la aibu kuliko yote katika ugonjwa huu ni mama kufa akilia kwa maumivu wakati dawa yake ni ya bei nafuu na imejulikana kwa muda mrefu. Uganda ilionyesha njia mapema: Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilitumia mofini ya maji ya kunywa nyumbani, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa wakaruhusiwa kisheria kuiandika. Kaskazini mwa Tanzania, Hospitali ya Selian ilianza huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, mwaka 1999, na Kanisa la Kilutheri baadaye likaieneza katika hospitali zake nyingine, Haydom ikiwa mojawapo.

Tiba shufaa hudhaniwa kuwa ni kukata tamaa. Kwa kweli inatakiwa kuanza siku ugonjwa unapothibitishwa kurudi, sambamba na dawa nyingine. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, si mpaka maumivu yazidi. Humfanya mtu alale, ale, azungumze na wajukuu. Hufunga choo, kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha. Hofu ya uraibu isimnyime mgonjwa wa saratani: anayeinywa kwa maumivu, kwa kipimo cha daktari, anatibiwa. Kidonda cha kifuani kinachotoa harufu nacho kina tiba. Unga wa vidonge vya metronidazole ukinyunyiziwa juu ya kidonda kilichosafishwa hupunguza harufu sana, na mama huweza tena kukaa na wageni.

Anayeuguza naye auguzwe

Katika boma lenye watoto saba, anayeuguza huwa mmoja. Mara nyingi ni binti asiyeolewa, binti aliyerudi kwao, au mkwe anayeishi uani. Yeye ndiye anayeosha kidonda, anayelala chini kando ya kitanda, anayeacha biashara yake ya mbogamboga sokoni. Ndugu zake hupiga simu na kutoa maagizo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Baada ya mwaka mmoja yeye hana mtaji, hana usingizi, na akilalamika huambiwa hana upendo.

Mgawanyo wa haki unawezekana hata kwa walio mbali. Mmoja ashike fedha. Mmoja ashike karatasi na tarehe za kliniki. Mmoja asindikize safari. Walio mijini wachukue likizo zao kwa zamu waje walale kando ya mama, ili anayeuguza apate wiki ya kupumzika. Fidia ya biashara iliyosimama ihesabiwe kama sehemu ya gharama za matibabu, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Na mabinti wote wa mama, pamoja na dada zake, wachunguzwe matiti: kuwa na mama mwenye ugonjwa huu huongeza hatari ya binti takriban mara mbili, ingawa wengi wao hawataupata. Uvimbe wowote, hata usiouma, ni wa kukimbilia hospitali.

Yanayodaiwa kutoka nje ya boma

Familia haiwezi kufanya yote. Halmashauri za Mbulu Mji, Mbulu na Hanang zina wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wafunzwe kumtembelea kila aliyewahi kutibiwa saratani. Hospitali za rufaa ziandike muhtasari wa tiba kwa Kiswahili chepesi mgonjwa anaporuhusiwa, wenye dalili za kurejea nazo haraka. Mofini na tamoksifeni vipatikane Haydom na Katesh bila kukatika mwezi hata mmoja. Makanisa na misikiti yaliyozoea kuchangia msiba yajifunze kuchangia nauli mgonjwa akiwa hai. Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu: asilimia 60 ya saratani za titi zigundulike mapema, majibu yapatikane ndani ya siku 60, na asilimia 80 ya wagonjwa wamalize tiba. Kwa wilaya hizi malengo hayo yanaanza na barabara, mkalimani na akiba ya dawa.

Kwako wewe msomaji ambaye mama yako alitibiwa na sasa anaendelea vizuri: itisheni kikao cha familia mwezi huu, akiwa na afya na akiwa na sauti. Mwulizeni angependa atibiwe wapi, nani amsemee, na nini asifanyiwe. Pigeni picha karatasi zake. Tengeni wanyama wa matibabu yake na anzeni mchango mdogo wa kila mwezi. Ugonjwa usiporudi, akiba hiyo itasomesha wajukuu. Ukirudi, utawakuta mmejipanga.